Mpunga ghalani, hesabu kwenye kompyuta: Betri ya kidonge inavyoweza kuvuruga msimu Ifakara

KILA mwaka kati ya Mei na Julai, magari ya mpunga yanapoanza kuingia kutoka Mngeta, Mbingu, Idete na ng'ambo ya Mto Kilombero, mji wa Ifakara hubadilika sura. Mashine za kukoboa hunguruma tangu alfajiri, vijana wa kubeba magunia hawashikiki kwa bei, na wanunuzi kutoka Morogoro na Dar es Salaam hujaa kwenye nyumba za wageni. Huo ndio wakati bei ya mpunga inapokuwa chini kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Mkulima mwenye shida ya haraka huuza. Mwenye uwezo wa kusubiri hulaza magunia yake kwenye ghala la mwenye mashine, akingojea miezi ambayo mchele huadimika sokoni na bei kupanda. Kuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliyoweka utaratibu rasmi wa jambo hili, lakini mpunga mwingi wa bondeni bado unalazwa kwa kuaminiana. Mkulima hukabidhi magunia, hupewa kipande cha karatasi chenye jina, idadi na tarehe, kisha hurudi kijijini. Baada ya hapo mali yake inakaa sehemu mbili: ghalani, na kwenye kumbukumbu za mwenye ghala.

Kumbukumbu hizo zamani zilikuwa kaunta buku lenye jalada gumu. Siku hizi wenye mashine wengi na vyama vya ushirika vya mazao wamehamia kwenye kompyuta, na si vibaya, kwa sababu kompyuta hujumlisha bila kuchoka. Tatizo ni aina ya kompyuta wanayoanza nayo na namna inavyotayarishwa kabla ya kupewa kazi hiyo nzito.

Nyingi ni kloni, kama mafundi wanavyoziita: mashine zilizounganishwa na fundi kutokana na vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja, kasha la huku, pawa saplai ya kule, diski iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Kloni iliyounganishwa vizuri hudumu, na inapoharibika hubadilishwa kipuri kimoja badala ya kutupwa nzima. Lakini kompyuta yenye chapa kamili hutoka kiwandani ikiwa imepangwa na kupimwa. Kloni hupangwa na fundi, na fundi asipoipanga, inakwenda kazini na mipangilio yoyote iliyokuwamo kwenye ubao mama siku ulipotolewa kwenye boksi.

“Diski imekufa, tuifomati”

Hebu tufuatilie mkasa ambao fundi yeyote aliyekaa mezani miaka michache ataufahamu. Kompyuta ya ghala imefanya kazi miaka minne bila shida. Jumatatu moja umeme umekatika usiku kucha, na aliyefunga ofisi alikuwa amechomoa waya ukutani, jambo la busara kabisa. Asubuhi mashine inawashwa, inaonyesha maandishi meupe, inalia mara moja, inaanza kufungua Windows, kisha skrini inageuka bluu na kujizima. Inarudia hivyo hivyo kila inapowashwa.

Fundi anaitwa. Anaangalia, anatikisa kichwa. “Mzee, diski imekufa hii, au Windows imekufa. Tuifomati tu, tuweke mpya.” Mzee, ambaye ana foleni ya wateja nje, anakubali. Saa mbili baadaye kompyuta inawaka vizuri kuliko siku zote. Orodha ya wakulima 60 na magunia yao haimo.

Diski haikuwa imekufa. Kilichokufa ni betri ya kidonge aina ya CR2032, yenye volti 3, iliyochomekwa kwenye ubao mama. Kipenyo chake ni milimita 20 na unene milimita 3.2, kama sarafu. Kazi yake ni kulinda saa ya kompyuta na, kwenye bodi nyingi hasa za zamani, mipangilio ya bayosi wakati umeme wa ukutani haupo. Mashine ikiwa imechomekwa, pawa saplai huibeba kazi hiyo hata kama kompyuta imezimwa. Ndiyo maana betri inaweza kuwa imekwisha kwa miezi kadhaa bila mtu kujua, hadi siku umeme unapokatika kabisa au waya unapochomolewa.

Mipangilio ilipopotea, bodi ilirudi kwenye ile ya kiwandani. Mojawapo ni ile inayosema ubao mama uzungumze na diski kwa utaratibu gani, na hapa ndipo penye mtego. Kuna utaratibu wa zamani uitwao IDE na mpya uitwao AHCI, na bodi nyingine zina wa tatu uitwao RAID. Fundi aliyeweka Windows miaka minne nyuma alichagua AHCI, akafanya vizuri. Bodi iliporudi kwenye IDE, Windows ilijaribu kusoma diski kwa lugha iliyozoea, ikajibiwa kwa lugha nyingine, ikasimama. Kwa mwenye jicho, skrini ya bluu huonyesha namba 0x0000007B, au kwenye Windows mpya maneno yanayosema kuwa kifaa cha kuanzia hakifikiki. Dawa yake ni kubadili betri, kuingia kwenye bayosi, kurudisha AHCI na kuweka saa sawa. Ni kazi ya dakika kumi, na betri hununuliwa kwa noti ndogo.

Ni haki kusema kwamba fundi hakukusudia mabaya. Kufomati ndiko kunakomlipa, na hakuna mtu anayemlipa fundi kwa kuchunguza. Mwenye mali ndiye anayepaswa kukataa neno hilo mpaka aonyeshwe kwamba diski imechomekwa kwenye mashine nyingine na kushindwa kusomeka hata huko. Ikisomeka, mafaili yanakiliwa kwanza, mengine baadaye.

Bayosi ni kitu gani

Kompyuta inapowashwa haijui lolote. Haijui kama ina diski, kibodi wala skrini. Ndani ya ubao mama, ambao mafundi huuita madabodi, kuna kidonge kidogo chenye programu inayoamka kwanza, ikakagua prosesa, kumbukumbu na diski, kisha ikaikabidhi kazi Windows au mfumo mwingine. Programu hiyo ndiyo BIOS, kifupi kilichoanza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970 na kuenea duniani baada ya kampuni ya IBM kutoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981. Bodi za miaka ya karibuni zina mrithi wake aitwaye UEFI, lakini mezani kwa mafundi jina limebaki bayosi.

Mtu huingia humo kwa kubonyeza DEL au F2 mara tu mashine inapowashwa, kabla Windows haijaanza. Kinachoonekana ni orodha ndefu za maneno ya kitaalamu, na nyingi hazihitaji kuguswa maisha yote ya kompyuta. Zinazoamua kama mashine itatulia au itasumbua hazizidi tano au sita.

Nchi yetu ina historia ya kuogopa mashine hizi. Kompyuta ya kwanza serikalini, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matokeo yake katika hesabu za Serikali hayakuridhisha, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, lakini anayekumbuka sababu zake anaweza kumwelewa mzee wa ghala anayekataa kuachana na kaunta buku.

Na Ifakara si mgeni wa kumbukumbu zinazotegemea tarehe. Maabara iliyoanzishwa hapo na Waswisi mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilihesabu kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga mwaka 1996, na kuanzia Januari 1997 wahojaji wakawa wanarudi kila kaya kila baada ya miezi minne kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohama na waliohamia. Katika kazi ya namna hiyo, tukio lenye tarehe mbovu ni sawa na tukio ambalo halikuandikwa. Ghala la mpunga ni dogo kuliko utafiti huo, lakini sheria ni ile ile.

Saa ikipotea, ada hupotea nayo

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme ghala linatoza shilingi 10 kwa gunia kwa siku. Mkulima amelaza magunia 40 tarehe 14 Juni 2025 na kuja kuyachukua tarehe 10 Januari 2026. Hizo ni siku 210, na ada yake ni sh. 84,000.

Betri ikiwa imekwisha, saa ya kompyuta hurudi kwenye tarehe iliyowekwa na mtengenezaji wa bodi, tuseme Januari mosi 2018. Programu ya ghala itatoa hasi siku 2,721. Hilo halina madhara makubwa kwa sababu kila mtu ataona kuwa ni kichekesho. Hatari ni hatua inayofuata. Karani anaingia kwenye bayosi kurekebisha tarehe, na skrini nyingi za bayosi huandika mwezi kwanza, siku baadaye, kwa mtindo wa Wamarekani. Karani aliyezoea kuandika siku kwanza anaingiza 10, kisha 01, kisha 2026. Kompyuta sasa inaamini leo ni Oktoba mosi 2026. Siku zinakuwa 474, na mkulima anadaiwa sh. 189,600. Amezidishiwa sh. 105,600, na risiti imechapwa vizuri kabisa.

Kompyuta iliyounganishwa na intaneti hujaribu kurekebisha saa yenyewe, lakini Windows ina kikomo. Saa ikiwa imepotoka kwa siku nyingi, mashine ya kawaida inaweza kukataa kuisahihisha mpaka mtu aingilie. Aidha, tovuti za benki na za kulipia kodi hukataa kufunguka, zikidai kwamba cheti chao cha usalama hakijaanza kutumika au kimepitwa na muda. Wengi hulaumu mtandao wa simu, wakanunua laini nyingine, kumbe tatizo liko kwenye kona ya chini ya skrini yao wenyewe.

Umeme wa bondeni

Wakazi wa Kilombero wana haki ya kushangaa kwamba wanakatikiwa umeme. Bwawa la Kidatu lenye megawati 204 liko mlangoni mwa bonde, na mtambo wa Kihansi wenye megawati 180 uko kwenye kingo za milima ya Udzungwa upande wa Mlimba. Nguvu hiyo hupanda kwenye nyaya kubwa za Gridi ya Taifa, na kinachowafikia wananchi hutegemea vituo vya kupozea na nguzo zinazopita kwenye miti, tope na radi za masika. Kituo kipya cha kupozea umeme mjini Ifakara kimeleta unafuu, lakini mtu mwenye mashine ya kukoboa anajua kuwa mota yake kubwa inapoanza kuzunguka, taa za ofisi hupepesa hata kama shirika la umeme halina kosa lolote siku hiyo.

Katika bayosi kuna sehemu inayouliza kompyuta ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Majibu ni matatu: ibaki imezimwa, ijiwashe, au irudi katika hali iliyokuwamo. Mafundi wengi huchagua ijiwashe, wakidhani wanamrahisishia mteja. Kwa Ifakara hilo ni kosa. Umeme unaporudi mara nyingi hurudi kwa kusitasita, unawaka, unazima, unawaka tena. Kompyuta inayojiwasha itaanza kufungua Windows mara tatu ndani ya dakika tano, na kila mara itakatwa katikati wakati diski inaandika. Mafaili huharibika kwa namna hiyo kuliko kwa virusi. Ibaki imezimwa, mtu aiwashe mwenyewe umeme ukishatulia.

Anayehitaji mashine ijiwashe, kwa mfano kompyuta kuu inayohudumia nyingine, awe na UPS yenye betri nzima na aipange isubiri kwanza. UPS ndogo ya mezani hutoa dakika chache tu, na dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumalizia orodha. Wengi huichomekea na printa ya leza pia, ambayo hula umeme mwingi inapopata moto. UPS hulia mara moja na kuzima kila kitu.

Neno moja kuhusu pawa saplai. Kasha la bei rahisi huja na pawa saplai iliyoandikwa wati 500 au 600, na uzito wake unaweza kukuambia kuwa maandishi hayo ni mapambo. Bayosi huonyesha volti zinazofika kwenye bodi: 12, 5 na 3.3. Zinaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia tano. Ile ya 12 ikisomeka chini ya 11.4, hakuna mpangilio wowote utakaoiokoa mashine hiyo. Ipimwe kwa mita, na ikithibitika, ibadilishwe.

Kasi isiyo na faida

Kuna kishawishi kingine kinachowapata zaidi mafundi vijana, nacho ni kasi. Vijiti vya kumbukumbu, yaani RAM, huuzwa vikiwa na namba kubwa juu yake, 3200 au 3600. Fundi akikiwasha kijiti hicho, bodi inakiendesha kwa kasi ya chini, pengine 2133 au 2400. Anajihisi ameibiwa. Anaingia kwenye bayosi, anawasha kipengele kiitwacho XMP, na namba inapanda.

XMP si uchawi. Ni mpangilio uliopimwa na mtengenezaji wa kijiti, ambao mara nyingi hupandisha volti za kumbukumbu aina ya DDR4 kutoka 1.2 hadi 1.35 na kukiendesha kuliko kiwango ambacho prosesa nyingi zimeahidiwa. Kwenye bodi nzuri, vijiti viwili pacha na chumba chenye ubaridi, hufanya kazi bila matatizo. Kwenye kloni ya Kibaoni yenye kijiti kimoja cha kampuni hii na kingine cha kampuni ile, kilichonunuliwa mwaka mwingine, mwezi wa Novemba wakati joto la bondeni limepita nyuzi 30 tangu saa nne asubuhi, ni kamari. Na zawadi yake ni nini? Programu ya ghala na jedwali la Excel havitaonyesha tofauti ambayo jicho la binadamu linaweza kuiona.

Kumbukumbu inayokosea haipigi kelele. Wakati mwingine kompyuta huganda. Wakati mwingine hutoa skrini ya bluu yenye namba tofauti kila siku, jambo ambalo ni dalili nzuri kwa fundi makini, kwani programu mbovu kwa kawaida hurudia kosa lile lile. Mara nyingine faili hukataa kufunguka. Mbaya kuliko zote ni pale tarakimu inapobadilika ikiwa njiani kutoka kwenye kumbukumbu kwenda diski, na hakuna mtu anayejua.

Kwa hiyo kompyuta ya kazi ianze na mipangilio ya kawaida ya bodi, XMP ikiwa imezimwa, kisha ipimwe. Programu kama MemTest86 huwashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows na kuachwa izungushe vipimo vyote angalau mara nne, kazi inayoweza kula usiku mzima. Kosa moja linatosha kukataa. Hapo hujaribiwa kijiti kimoja kimoja, halafu tundu moja moja, mpaka mkosaji apatikane. Mteja ana haki ya kudai kipimo hicho kabla ya kulipa salio, kama vile anavyopima unyevu wa mpunga kabla ya kupokea gunia.

Pumba na feni

Vumbi la ofisi ya kawaida ni jambo moja, vumbi la mashine ya kukoboa ni jingine. Pumba laini ina mafuta. Ikifika kwenye mapezi ya kipozea prosesa haikai juu juu, inashika na kuwa kama blanketi. Feni inaendelea kuzunguka, hewa haipiti.

Bayosi huonyesha joto la prosesa. Muda mfupi baada ya kuwashwa, nyuzi 40 hadi 50 hazina neno kwa hali ya hewa ya Ifakara. Ikisoma 75 na bado haijafanya kazi yoyote, kuna pumba ndani au dawa ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipozea imekauka. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100, na zikishindwa, huzima. Mwenye ofisi huona kompyuta “imekuwa nzito” na kuambiwa aongeze RAM.

Mambo mawili yanafaa kuwashwa humo. Kwanza, onyo la feni kusimama, ili mashine ilie kabla haijaungua. Pili, mwendo wa feni upandishwe kidogo kuliko ule wa kimya uliochaguliwa na mtengenezaji akifikiria sebule yenye kiyoyozi. Kelele zaidi ya feni haiwezi kumsumbua mtu aliyekaa mita 20 kutoka kwenye kinu. Na kasha lifunguliwe kupulizwa kila mwisho wa msimu wa kukoboa, likiwa nje, si juu ya meza ile ile. Kuhamishia ofisi upande ambao upepo hauleti pumba kungefaa kuliko yote haya, lakini viwanja vya mjini vina mipaka yake.

Windows ya mwaka huu

Suala jipya limejitokeza tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai UEFI yenye uwezo wa kulinda uwashaji, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha inayokubalika. Wamiliki wa kloni wameambiwa na kompyuta zao kwamba hazifai, na wengine wameanza kutafuta fedha za kununua mpya.

Kabla ya kufanya hivyo, mtu aangalie bayosi. Kwenye prosesa za Intel na AMD za kuanzia karibu mwaka 2018, TPM imo ndani ya prosesa yenyewe. Kwa Intel hujulikana kama PTT, kwa AMD fTPM, na kwenye bodi nyingi za kununua kando ilikuja ikiwa imezimwa. Kuiwasha ni kubadilisha neno moja. Prosesa ikiwa ya zamani kuliko hapo, huenda haimo kwenye orodha inayokubalika hata TPM ikiwashwa.

Lakini kuna shimo jingine njiani. Mashine iliyowekewa Windows kwa mtindo wa zamani haiwezi kubadilishwa kuwa UEFI kwa kugeuza mpangilio tu. Diski lazima kwanza igeuzwe kutoka muundo wa MBR kwenda GPT, na Windows 10 ina chombo chake cha kufanya hivyo bila kufuta mafaili. Anayegeuza bayosi kwanza atakutana na skrini nyeusi, na tumeshaona fundi anapokutana na skrini nyeusi husema nini. Mafaili yanakiliwa kwenye diski ya nje kabla ya yote.

Kuhusu kupandisha toleo la bayosi yenyewe, kazi hiyo isifanywe kwa sababu ya kupenda vitu vipya. Sababu halali zipo, kama bodi kutoitambua prosesa au tundu la usalama lililotangazwa na mtengenezaji. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, bodi inaweza isiwake tena. Anayelazimika afanye akiwa na UPS iliyojaa, na faili la modeli hiyo hiyo hadi herufi ya mwisho. Wakati wa radi za Machi na Aprili, angojee.

Gharama iko wapi

Tuseme ghala lina magunia 600 ya wateja na kila gunia lina thamani ya sh. 80,000. Hiyo ni mali ya sh. milioni 48, ambayo uthibitisho wake pekee wa upande wa ghala umo kwenye diski moja. Betri ya kidonge, UPS na diski ya nje ya kukilia, vyote kwa pamoja, havifiki hata asilimia mbili ya kiasi hicho, kwani asilimia mbili ni sh. 960,000. Mwenye ghala anayelalamikia bei ya UPS kwa kawaida ameshalipia turubai la kufunika mpunga usinyeshewe. Turubai analiona.

Ukweli ni kwamba kwa ghala la magunia 50, kaunta buku na kalamu ya wino usiofutika bado ni mashine bora kuliko kloni isiyopangwa. Na hata kwa ghala kubwa, orodha ichapwe kila Jumamosi na kusainiwa. Kompyuta na karatasi zinapotofautiana, mjadala unakuwa juu ya wiki moja, si msimu mzima.

Nenosiri la bayosi nalo linazungumzwa sana. Lina faida ya kumzuia kijana wa stoo asichezee tarehe, lakini si kufuli, kwa sababu kwenye bodi nyingi za mezani linaondoka kwa kuchomoa betri ile ile tuliyoanza nayo. Anayetaka kulinda data afunge mlango wa ofisi. Chenye manufaa zaidi ni kupanga diski ya ndani iwe ya kwanza kuwashwa, ili flashi iliyosahauliwa na mteja wa kuchapisha barua isiizuie mashine kuamka au kuingiza kitu kisichotakiwa.

Fundi akimaliza, kuna kazi ya mwisho ambayo haihitaji ujuzi wowote. Kurasa zote za bayosi zipigwe picha kwa simu, moja baada ya nyingine, na yale mambo makuu matano yaandikwe kwenye karatasi: utaratibu wa diski, umeme ukirudi, XMP, diski ya kwanza kuwashwa, mpangilio wa tarehe. Karatasi hiyo ibandikwe kwa gundi upande wa ndani wa mfuniko wa kasha. Chini yake iandikwe kwa kalamu nene tarehe betri ilipowekwa na tarehe ya kuibadilisha, miaka mitatu mbele, mwezi wa Aprili, kabla magari ya mpunga hayajaanza kuingia.